"Patisheni ya buti" ni ipi hasa?

Ukiambiwa "tengeneza patisheni ya buti", uliza kwanza: ipi? Kwenye Linux ya leo jina hilo hupewa vitu vitatu, na ukivichanganya mashine haiwaki.

Patisheni yenyewe ni kipande cha diski chenye mwanzo, mwisho na aina, vyote vimeandikwa kwenye jedwali: zamani MBR, siku hizi GPT. Hilo linajulikana. Kinachosumbua ni "buti".

Neno linatokana na bootstrap ya Kiingereza, kile kitanzi cha nyuma ya buti unachokivuta mguu uingie, na mzaha wa mtu anayejinyanyua kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe. Ndivyo kompyuta inavyoamka: programu ndogo huita kubwa kidogo, nayo huita kubwa zaidi. Kwa hiyo kubuti kuna hatua kadhaa, na kila patisheni kati ya hizo tatu ina hatua yake.

ESP (EFI System Partition) ni ya UEFI, programu iliyomo kwenye ubao mama inayoanza kuiwasha kompyuta. Ni FAT32, MiB 512 zinatosha, na gdisk, programu ya kugawa diski, huiita EF00. /boot ni ya Linux: humo hukaa keneli (kiini cha mfumo) na initramfs (mfumo mdogo wa muda wa kuanzia), mara nyingi juu ya ext4. Si lazima ijitegemee, ila huhitajika sana pale sehemu nyingine ya diski imefungwa kwa LUKS, yaani usimbaji fiche wa diski.

Ya tatu ni EF02, jina la gdisk kwa "BIOS boot partition": MiB 1, haifomatiwi, haipachikwi popote. Sekta ya kwanza ya MBR ina baiti 512, na msimbo umeachiwa 446 tu. GRUB, programu inayoipakia keneli, haienei humo, ikazoea kujibanza kwenye nafasi tupu iliyo kabla ya patisheni ya kwanza. GPT ilipokuja ikaikalia nafasi hiyo, basi GRUB kwenye mashine ya BIOS, mtangulizi wa UEFI, ikabidi itengewe chumba. Namba ya aina yake ni 21686148-6449-6E6F-744E-656564454649, baiti hizo zikisomwa kama herufi, kwa mpangilio wa kwenye diski, zinatamka "Hah!IdontNeedEFI", yaani "Ha! Siihitaji EFI". Ni utani, lakini sijaona maelezo mafupi kuliko hayo.

Lawama nyingine ni ya parted, programu nyingine ya kugawa diski. Kwenye MBR, `set 1 boot on` huweka alama tu. Kwenye GPT amri hiyohiyo hugeuza aina ya patisheni kuwa ESP. Mtu anaielekeza kwenye /boot yake ya ext4, UEFI inakwenda kuisoma, na kwa kawaida ext4 haiijui. Andika `esp` kwa ile ya FAT32 na `bios_grub` kwa EF02, tena hakiki namba ya patisheni: ukiikosea, grub-install itaandika juu ya data yako.

Kabla ya kukata diski, washa kwa flashi ya usakinishaji kisha endesha `ls /sys/firmware/efi`. Saraka ikiwepo, unahitaji ESP. Isipokuwepo na diski ni ya GPT, unahitaji EF02. Na ukimwelekeza mwenzako, mtajie ESP, /boot au EF02. "Ya buti" pekee haimwambii kitu.