Je, wajua? Watoto ambao hawajazaliwa huhesabiwaje?

Mwaka 2002 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba ifikapo 2050 Kenya itakuwa na watu milioni 44. Toleo lililofuata, la 2004, likasema milioni 83. Nchi ni ile ile na mwaka unaotabiriwa ni ule ule, ila Wakenya karibu milioni 40 wa kesho walikuwa wamezuka kwenye karatasi ndani ya miaka miwili. Kisha sensa ya Agosti 2019 ikahesabu watu 47,564,296. Ile milioni 44 ya mwaka 2050 ilikuwa imeshapitwa, na miaka 31 bado imebaki.

Ni rahisi kucheka. Lakini hesabu yenyewe haikuwa na kosa, na ukiona inavyofanywa utaelewa ni wapi mambo yalipoteleza.

Anayekadiria vizazi vya kesho haanzi na watoto, anaanza na wanawake. Huwachukua wale wa miaka 15 hadi 49 na kuwagawa katika mafungu saba ya miaka mitano mitano, kwa sababu binti wa miaka 17 na mama wa miaka 44 hawazai kwa kasi moja. Kila fungu lina kiwango chake: kati ya wanawake 1,000 wa umri huo, wangapi hujifungua kwa mwaka? Zidisha idadi ya wanawake kwa kiwango hicho, jumlisha mafungu yote saba, na hao ndio watoto wa mwaka huo. Kisha unawatenga wavulana na wasichana (wavulana huzaliwa wengi kidogo, kama 103 hadi 105 kwa kila wasichana 100), unawaondoa watakaofariki, unaongeza wahamiaji na kutoa wahamaji, halafu unawasogeza wote mbele kwa miaka mitano na kuanza upya. Wasichana uliowapata raundi ya kwanza watakuwa akina mama wa raundi ya nne au ya tano.

Hapo ndipo inapotoka ile namba ya magazetini, ya "watoto 3.4 kwa kila mwanamke". Tuseme viwango vya mafungu yale saba ni 70, 180, 170, 140, 85, 30 na 5. Jumla ni 680. Kwa kuwa kila mwanamke hukaa miaka mitano katika kila fungu, zidisha kwa 5 upate 3,400 kwa wanawake 1,000, yaani 3.4 kwa mmoja. Huyo wa 3.4 hayupo mtaani kwenu. Ni mwanamke wa kufikirika anayepita umri wote wa kuzaa ndani ya mwaka mmoja, akibeba viwango vya mabinti na vya mama zao kwa mpigo. Kenya ilipata 3.4 katika utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa 8.1, miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani wakati huo.

Sasa twende kwenye jambo linalowachanganya hata madiwani. Chukua wadi ya kubuni yenye wanawake 4,500 wa miaka 20 hadi 24, na kiwango chao ni 180 kwa 1,000. Watazaa watoto 810 kwa mwaka. Wadi hiyo hiyo ina wasichana 5,500 wa miaka 10 hadi 14. Baada ya miaka kumi hao ndio watakaokuwa na miaka 20 hadi 24. Tuseme uzazi wa mpango umeshika kasi, mabinti wamesoma, na kiwango kimeshuka hadi 160. Tukiacha vifo na kuhama, zidisha: 880. Uzazi umepungua, watoto wameongezeka. Kwa hiyo diwani akiahidi kwamba wodi ya wazazi itapata nafasi kwa sababu "siku hizi watu wanazaa wachache", mwulize kwanza kuna wasichana wangapi darasa la tano.

Faida yake ni kwamba sehemu kubwa ya jibu la miaka 15 au 20 ijayo imeshazaliwa na inaonekana. Wanawake watakaojifungua mwaka 2040 karibu wote wapo leo. Kinachobaki gizani ni kile kiwango: watataka watoto wangapi, na lini?

Na hapo ndipo 2002 ilipokwama. Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa uzazi wa mpango mwaka 1967, mapema kuliko nchi yoyote kusini mwa Sahara, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 uzazi ulikuwa unateremka kama jiwe mlimani: 8.1, kisha 6.7 mwaka 1989, 5.4 mwaka 1993, 4.7 mwaka 1998. Ukiwa na mstari kama huo, nani asingeuendeleza chini? Lakini utafiti wa 2003 ukaleta 4.9. Mteremko ulikuwa umesimama. Matumizi ya uzazi wa mpango kwa wanawake walioolewa yalikuwa yamekwama pale pale kwenye asilimia 39 tangu 1998. Badiliko dogo hivyo la namba moja, likibebwa kwa karibu miaka hamsini ambapo kila binti wa ziada naye anazaa mabinti, ndilo sehemu kubwa ya zile milioni 40. Baadaye mteremko ukarudi, 4.6 mwaka 2008–09 na 3.9 mwaka 2014, na makadirio ya 2050 yakaendelea kupanda na kushuka: toleo la 2012 lilisema karibu milioni 97, la 2022 likarudi kwenye milioni 85 hivi.

Tangu 2010 Umoja wa Mataifa umebadilisha namna ya kukadiria uzazi, kwa mbinu iliyojengwa na Adrian Raftery wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake. Badala ya mstari mmoja, kompyuta huchora maelfu ya njia ambazo uzazi wa nchi ungeweza kufuata, kisha husema nyingi zimeangukia wapi. Ni kama mtu wa hali ya hewa anayekwambia uwezekano wa mvua badala ya kuapa kwamba itanyesha saa tisa. Kwa maoni yangu ndiyo njia ya kiungwana zaidi, ingawa vyombo vya habari bado huchukua namba ya katikati peke yake.

Ukishuka kutoka taifa hadi kaunti, ugumu huongezeka. Wastani wa 3.9 wa mwaka 2014 ulificha Kirinyaga yenye 2.3 na Wajir yenye 7.8. Binti akitoka kijijini kwenda Nairobi, anahama na watoto wake wa baadaye, na pengine mjini atazaa wachache kuliko angezaa nyumbani. Kwa taifa hajaenda popote. Kwa kaunti mbili hizo amevuruga hesabu zote.

Halafu kuna suala la kuhesabu wenyewe. Nakumbuka karani wa sensa wa 2019, tableti mkononi, akimuuliza shangazi yangu umri. "Andika arobaini tu." Kifungua mimba wake alikuwa amekaa pale pale mkekani, ana miaka thelathini. Karani akainua uso. Yakaanza mazungumzo marefu: ulikuwa darasa la ngapi mwaka fulani, mvua ya El Niño ilikukuta umeshaolewa? Akaishia kuandikwa arobaini na tisa. Majibu ya namna hiyo yakiwa maelfu, umri unaoishia na 0 na 5 unafura, na mafungu yale saba ya akina mama yanapinda.

Mandera ndiyo mfano mkubwa zaidi. Sensa ya 2009 iliipa watu 1,025,756. Serikali yenyewe ilitilia shaka matokeo ya wilaya nane za kaskazini, za Mandera zikiwemo, ikatangaza kuyafuta, na mabishano yakafika mahakamani. Sensa ya 2019 ikaipa 867,457. Yaani kaunti ambayo utafiti wa 2022 uliikuta na watoto 7.7 kwa kila mwanamke, kiwango cha juu kuliko kaunti zote, ilikuwa "imepungua" kwa watu zaidi ya laki moja na nusu katika miaka kumi.

Sasa wewe ni mratibu wa chanjo. Unatakiwa kuagiza dozi za BCG, chanjo ya kifua kikuu, za watoto wachanga wa mwaka ujao, na makadirio yako lazima yaanzie kwenye moja ya namba hizo mbili. Ukianza na ndogo kupita kiasi, utajikuta mwisho wa mwaka ukiandika kwenye ripoti kwamba umechanja asilimia 110 ya watoto waliozaliwa.