"Kwenye programu kimeenea, fundi"

Hayo mteja humwambia fundi samani kitanda kikiwa tayari chumbani, kabati limeshasimama, na mlango wa kabati unagonga ubao wa miguuni. Sweet Home 3D, SketchUp na wenzao, programu za kuchora mpangilio wa chumba, hawana kosa hapo. Programu huchora namba ulizoipa. Ukiipa za kubahatisha, itakuchorea chumba kizuri ambacho hakipo Sinza wala Mbagala, hapa Dar.

Namba mbovu huanzia kwenye ramani ya nyumba. Ikiandika chumba ni mita 3 kwa 3, mara nyingi hicho ni kipimo cha tofali hadi tofali. Plasta ya sentimita 1.5 kwa kila ukuta inakuachia 297. Skatingi ya vigae, sentimita 1 huku na 1 kule, inakuachia 295 pale chini ambako kabati linakaa. Hapo bado hujakutana na ukuta ulioinama.

Halafu kuna samani zilizomo ndani ya programu. Kitanda cha watu wawili humo huwa na upana wa sentimita 140 au 160, vipimo vya Ulaya. Godoro letu la 6 kwa 6 ni 183 kwa 183, na fremu ya mninga kutoka kwa maseremala wa Keko inakifikisha kitanda kwenye 195 au zaidi. Sasa piga hesabu: 295 toa 195 ya kitanda, toa 60 ya kina cha kabati, imebaki njia ya sentimita 40. Mlango wa kabati wenye upana wa 50 utafungukia wapi? Chumba hicho kinataka kabati la milango ya kuteleza, au godoro la 5 kwa 6 lililogeuzwa upande mwingine. Kila samani ya programu ina sehemu ya kubadilisha upana, kina na kimo. Ni kazi ya nusu dakika, na karibu hakuna anayeifanya.

Kwa hiyo futikamba kwanza, kompyuta baadaye. Pima kila ukuta mara tatu: kwenye skatingi, usawa wa kiuno na juu ya kichwa, kisha tumia kipimo kidogo kuliko vyote. Pima kona hadi kona, njia zote mbili. Zikipishana zaidi ya sentimita 2, kona za chumba si za nyuzi 90. Kabati la ukuta hadi ukuta lichongwe pungufu ya sentimita 2 kuliko kile kipimo kidogo, pengo lizibwe kwa ubao mwembamba. Andika mlango unafungukia upande gani, soketi ziko wapi, na dirisha linaanzia kimo gani. Kama unakaa ghorofani, pima na kona za ngazi, maana kochi la L lisilofunguka vipande litaishia chini na mpangilio wako mzuri utabaki kwenye skrini.

Kabla ya kumlipa fundi arubuni, bandika sakafuni tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, kufuata umbo la kila samani. Tembea humo. Fungua milango yote. Njia kuu ya kupita isipungue sentimita 75, na kati ya kochi na meza ya kahawa acha 40 hadi 45. Tepu hiyo haijawahi kumdanganya mtu.

Wako pia wa upande wa pili: "Mimi nina jicho, sihitaji kupima." Jicho lina kazi yake kwenye rangi na mpangilio, ila kwa ukubwa ni shahidi wa uongo. Kochi lililowekwa barabarani Keko huonekana dogo kwa sababu halina kuta pembeni. Jicho hilohilo hununua kitambaa cha mita 3 kwa fimbo ya mita 3, wakati pazia linataka mita 6 hadi 7.5 ili likunjike.

"Rangi ni ileile niliyoiona kwenye simu." Siyo. Skrini hutoa mwanga wake yenyewe, ukuta unaazima. Paka kipande cha plywood cha futi 2 kwa 2, mikono miwili, ukisimamishe kwenye ukuta husika, ukitazame asubuhi, saa kumi jioni na usiku. Krimu iliyopendeza chini ya balbu ya mwanga wa manjano, kelvin 3000, itapauka chini ya ile nyeupe ya 6500.

"Programu imenionyesha jua linakoingia." Uliiambia kaskazini iko wapi, na kwamba uko Dar? Hapa, takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua la saa sita mchana hukaa upande wa kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, kisha huhamia kusini kuanzia Oktoba hadi mapema Machi. Dirisha la magharibi halina msimu, linachomwa kila alasiri. Usiweke kochi la ngozi bandia chini yake, hata picha ipendeze vipi: litakauka, litapasuka, na vumbi lake utalifagia kila siku.