Kiyoyozi hakileti baridi yabisi

Katika ofisi nyingi za Unguja, shingo ikikaza tu lawama hukiendea kiyoyozi: "Baridi imeniingia mifupani." Aliyekaa karibu nacho hujitanda kanga mabegani, na jioni husuguliwa mafuta ya karafuu. Ni kweli kwamba ubaridi unaweza kuikaza misuli kwa muda na kuzidisha maumivu yaliyokwishakuwepo, lakini hauingii mfupani. Na baridi yabisi, jina lake linapotosha: ni maradhi ya kinga ya mwili kuvishambulia viungo, yaani maungio ya mifupa, vya mwili wenyewe. Hata asiyemiliki feni huyapata.

Tazama badala yake laptopu iliyolazwa mezani. Skrini iko chini, basi kichwa chenye uzito wa kilo 4 hadi 5 kinaning'inia mbele saa nzima, na misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokizuia kisianguke. Isipopumzika, huuma. Iinue laptopu kwa rimu 2 au 3 za karatasi mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, umbali wa mkono ulionyooshwa. Hapo lazima uchomeke kibodi nyengine; bila hivyo mabega yatapanda, na utakuwa umeyahamisha maumivu tu. Viwiko vikunjwe digrii 90, nyayo ziguse chini. Kila dakika 30, simama. Kiti cha bei kubwa hakimsaidii aliyeganda juu yake.

Kiungo kikivimba, au kikikaza kila asubuhi zaidi ya nusu saa kwa wiki kadhaa, muone daktari. Karafuu haitoshi hapo.