Mgombea ataje akaunti zake, jina la kitambulisho abaki nalo

Kila msimu wa uchaguzi katika jumuiya za mtandaoni, maswali mawili huchanganywa kana kwamba ni moja. Je, mgombea ataje jina lake halisi? Na je, ataje majina mengine ya bandia anayotumia humo humo? Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuandika kanuni za chaguzi hizi, na la kwanza hulijibu hapana. La pili, ndiyo.

Mpiga kura wa mtandaoni huchagua rekodi: michango ya mtu, ugomvi wake, adhabu alizopewa. Hayo yote yamo kwenye akaunti, si kwenye cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2009, mjumbe wa Kamati ya Usuluhishi ya Wikipedia ya Kiingereza, yaani jopo linalochaguliwa kuamua migogoro ya wahariri, aliyejulikana kama Sam Blacketer alijiuzulu baada ya kubainika kwamba zamani alikuwa na akaunti nyingine, tena iliyowahi kuvuliwa haki za mkabidhi, yaani msimamizi wa kurasa. Waliompigia kura hawakulijua hilo. Wangelijua, huenda wangemchagua vilevile, lakini uamuzi ungekuwa wao.

Kisa cha Essjay, mhariri wa Wikipedia, cha 2007, hutajwa sana na wanaotaka majina halisi. Alijitangaza profesa wa teolojia, kumbe ni kijana wa miaka 24 asiye na shahada alizodai. Kwangu, kosa lilikuwa vyeo vya uongo. Jina la bandia halikumdhuru mtu.

Wapo wanaoamini kwamba wakaguzi wa akaunti, wale wanaoruhusiwa kuchunguza kama akaunti mbili ni za mtu mmoja, watamuumbua kila aliyejificha. Wapi! Kwenye Wikipedia, data za IP (anwani za mtandao alikotokea mtumiaji) wanazoziona wakaguzi hufutwa baada ya siku 90. Akaunti iliyotelekezwa miaka mitatu iliyopita hawaioni kabisa. Tamko la mgombea mwenyewe ndilo linaloziba pengo hilo, na akibainika amedanganya, kuna msingi wa kumwondoa.

Yupo pia mwenye akaunti ya pili kwa ajili ya usalama wake, mathalani anayeandika mambo yanayoweza kumfikisha gerezani. Huyo Wikipedia ya Kiingereza humruhusu aijulishe Kamati kwa siri kabla uteuzi haujafungwa, kisha awaambie wapiga kura kwamba amefanya hivyo. Utaratibu mzuri, ila ningeongeza sharti moja: anayepokea siri hiyo asiwe naye anagombea katika uchaguzi huohuo.