Kitabu kirefu cha kuogopesha: vile watu wanasema na vile iko kweli

Nimemaliza Dracula ya Bram Stoker juzi, hapa Goma, tafsiri ya Kifaransa, sura 27, wiki tatu nzima juu umeme unakatika na mimi nasoma na torche ya simu kisha watoto kulala. Na hizo wiki nimesikia maneno mingi juu ya vitabu vya namna hii, mengine hata mimi niliyaamini kabla sijasoma.

Eti kitabu haiwezi kuogopesha kama filme, hakuna muziki, hakuna picha, utaogopa nini? Hapana. Filme ni masaa mawili, unazima, unalala. Kitabu unaishi nacho. Sura ya pili, kijana Jonathan Harker anajinyoa ndevu mbele ya kioo kidogo, ghafla anasikia mkono kwenye bega na sauti inamsalimia, mwenye nyumba amesimama pale pale karibu yake, anaangalia tena ndani ya kioo: hamna mtu. Ni mistari michache tu. Nilisimama nikafunika kioo ya salon na kitenge, na kitenge kilibaki pale siku nne. Mwili haungoji kichwa kiamue kama ni hadithi, adrenalini inatoka, moyo unapiga mbio, bati ikilia juu ya nyumba unaona ni mtu anatembea.

Wengine wanafikiri kila ukurasa ni damu na zimwi. Sura nne za kwanza uko na Konte Dracula, yule mwenye nyumba, mfu anayenyonya damu ya watu, ndani ya ngome yake kule Transylvania, lakini kisha pale unamwona mara chache sana! Kinachobaki ni barua, shajara, telegramu, vipande vya magazeti, kila mtu anaandika kile ameona yeye peke yake, na wewe msomaji ndiye unaunganisha, unaona msichana mmoja, Lucy, anadhoofika kila asubuhi, tundu mbili ndogo kwenye shingo, nao bado wanatafuta ni ugonjwa gani. Unatamani kuwapigia kelele wafunge dirisha. Kuna kurasa nzito pia, daktari Van Helsing, yule anamwinda Konte, anaongea sana, nilisinzia, na njo pale unajisahau ndiyo woga unarudi.

Mama mkubwa aliniambia hiyo kitabu inafungulia mapepo mlango. Namheshimu sana, sikumkatalia, nilimsomea tu vile wale watu wanapigana na Konte: msalaba, kitunguu saumu, hostia. Alisikiliza mpaka mwisho wa sura, akaniuliza kama yule msichana atapona.

Halafu kuna hii ya kwetu: sisi watu wa Goma tumeona volkano yetu Nyiragongo ikilipuka, kitabu itatufanya nini? Niliisema na mimi. Tarehe 22 Mei 2021 jioni mbingu iligeuka nyekundu, tukatembea usiku kuelekea Sake, mtoto mgongoni, na ule woga haukuwa na ukurasa wa kufunga. Huu wa kitabu naufunga mimi, naufungua mimi, njo maana naupenda. Na hizi hadithi haziko mbali na sisi vile tunafikiri. Aprili 1815 volkano Tambora ililipuka kule Indonesia, majivu na gesi zake vikapoza hali ya hewa, 1816 Ulaya ikakosa kiangazi, na Mary Shelley, miaka 18, akajikuta amefungiwa na mvua kando ya ziwa la Geneva na rafiki zake, wakasema kila mtu aandike hadithi ya kuogopesha. Yake ni Frankenstein, ilitoka 1818. Volkano, ziwa, mvua. Mtu wa Goma anasoma hiyo anaelewa mara moja.

Ya mwisho, eti kuacha katikati ni uoga. Dada yangu aliishia sura ya 13, pale Lucy anazikwa, juu sisi wenyewe tumezika mwaka huu. Alinirudishia kitabu bila kusema kitu. Karatasi yake ndogo ya alama bado iko pale alifikia, sijaitoa.