Wapiga ala wa Hitsville: majina yaliyokosekana kwenye jalada

Sikiliza tena "My Girl" ya kundi la waimbaji The Temptations. Kabla mwimbaji hajafungua kinywa, besi inadunda peke yake, kisha gitaa linaingia likipanda kama mtu anayekwea ngazi taratibu. Wengi wetu tunaweza kuupiga mluzi mwanzo huo. Besi ile ni ya James Jamerson, na gitaa ni la Robert White. Santuri ilipotoka, majina yao hayakuwemo.

Walirekodi katika nyumba namba 2648, West Grand Boulevard, mjini Detroit, Marekani. Berry Gordy, mwanzilishi wa kampuni ya rekodi ya Motown, aliinunua mwaka 1959, akaiita Hitsville U.S.A., na chumba cha nyuma kilichokuwa studio ya mpiga picha akakigeuza studio ya muziki ya kampuni hiyo. Tangu mwaka 1985 nyumba hiyo ni makumbusho, yaliyoanzishwa na dada yake, Esther Gordy Edwards. Chumba chenyewe ni kidogo. Wapiga ala walikiita Shimo la Nyoka kwa sababu ya nyaya zilizoning'inia darini. Mgeni akifika kwenye tundu lililotobolewa kwenye dari huombwa apige makofi chini yake: sauti hupanda hadi uvungu wa paa na kurudi na mwangwi. Mwangwi ule wa rekodi za zamani ulitoka humo.

Kundi la wapiga ala hao lilijulikana kama The Funk Brothers: Earl Van Dyke kwenye kinanda, Benny Benjamin kwenye drams, Jack Ashford kwenye tari, Eddie Willis na Joe Messina kwenye magitaa, na wengineo. Mwimbaji alibadilika kutwa; wao walibaki.

Naomba tukae kidogo na Jamerson. Alianza na besi kubwa ya kusimama, na alipohamia ya umeme aliendelea kukwanyua nyuzi kwa kidole kimoja tu cha shahada, hata wenzake wakakiita Ndoano. Nyuzi hakuzibadilisha mpaka zikatike, ndiyo maana sauti yake ni nzito, haina mlio wa bati. Besi nyingi za wakati ule zilikanyaga palepale kushikilia wimbo. Yake inatembea, inaruka pigo, inajibizana na mwimbaji. Spika ya simu huimeza yote hiyo. Vaa visikilizio, uifuate besi pekee toka mwanzo hadi mwisho. Mimi huwafanyisha hivyo wanafunzi wanaotutembelea, na kila mara kuna anayeomba arudie.

Mwaka 1971 ndipo albamu ya Marvin Gaye, "What's Going On", ilipowataja wapiga ala kwenye jalada, Jamerson akiwemo. Benjamin alikuwa ameshafariki, mwaka 1969. Jamerson naye alifariki mwaka 1983, akiwa na miaka 47.

Jina ni heshima, lakini pia ni fedha. Marekani, mrabaha wa redio za intaneti, yaani malipo ya kupigwa kwa rekodi, una fungu la asilimia 5 la wapiga ala na waitikiaji wasio nyota wa wimbo. Ila rekodi zilizofanywa kabla ya tarehe 15 Februari 1972, yaani karibu zote za chumba kile, zilikuwa nje ya sheria ya kitaifa inayoleta malipo hayo hadi sheria iliporekebishwa mwaka 2018.

Kwetu Tanzania, sheria ya mwaka 1999 inataja hakimiliki na hakishiriki. Hilo neno la pili ndilo linalomgusa mpiga solo, mpiga besi na mwitikiaji ambaye hakutunga wimbo. Kwa hiyo kabla hamjatoka studio, andikeni karatasi moja: jina la wimbo, tarehe, nani alipiga nini, na sahihi ya kila mmoja. Kila mtu aondoke na nakala. Fungu la mpiga ala, au la warithi wake, haliwezi kufika iwapo hakuna anayejua nani alikuwa ameshika besi siku ile.