Profesa wa filamu si lazima awe aliyeshindwa filamu

Kuna hii imani ya siku nyingi kwamba mtengeneza dokumentari wa kujitegemea akianza kufundisha chuo, basi huko kwenye filamu mambo yamemshinda. Inaeleweka kuona hivyo, maana mtu anaweza kupita hata miaka mitano hujaona kazi yake mpya.

Sasa huo ukimya mara nyingi ndo kazi yenyewe. Dokumentari ya dakika 90 inaweza kutoka kwenye masaa mia na kitu ya kurekodi, na mtu anakaa anayaangalia yote, anaandika kwenye daftari "dakika ya 14 mama kanyamaza kabla ya kujibu, pabaki", halafu hela nazo zinakuja vipande vipande, ruzuku ya kushuti leo, ya kuhariri mwakani au isije kabisa. Mshahara wa chuo unalipa kodi ya nyumba huku filamu inaiva taratibu, likizo ndefu ndo muda wa kushuti. Na vyuo vingi vinaihesabu filamu kama utafiti, inaweza kumpandisha cheo (si vyote lakini, kanuni zinatofautiana).

Kuhakikisha mwenyewe wala si kazi. Fungua wasifu wa huyo profesa kwenye tovuti ya chuo uone kaanza kufundisha lini, linganisha na miaka ya filamu zake na ratiba za matamasha zilikoonyeshwa. Na yale majina ya mwisho wa filamu usiyaruke, mara nyingine utakuta chuo kimeshukuriwa na wanafunzi wake wa zamani ndo walioshika kamera.